Mbona mahindi chotara hubadilika ukirudia mbegu?

Ndugu wa Magu, umeuliza kwa nini mbegu ulizotunza kutoka mahindi chotara (yaliyozaliwa na wazazi wawili tofauti) zimetoa shamba lisilolingana. Chanzo kimo ndani ya ua lenyewe. Mahindi yana jozi 10 za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, kila jozi ikiwa na moja ya kila mzazi. Kabla ya chavua kuundwa, protini ya SPO11 hukata DNA, yaani uzi wenyewe wa urithi, mamia ya mikato. Protini nyingine, RAD51 na DMC1, hushika ncha zilizokatika na kutafuta mfuatano unaofanana kwenye kromosomu mwenza, kisha protini ya ZYP1 huzibana mbili hizo kama zipu. Kinachonishangaza mimi: mikato mingi huzibwa tu, yanabaki mabadilishano kama 20 ya vipande kati ya kromosomu wenza. Jozi isiyobadilishana kabisa hugawanyika ovyo, na chavua huweza kufa. Basi kila punje ina mchanganyiko wake. Nunua mbegu mpya, au ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru aina isiyo chotara.