Kayaki na mshipi baharini: nunua kwanza cha kukurudisha

Kila kaskazi ikikaribia napokea swali lilelile kutoka kwa vijana wa Kilifi, Mombasa na hata Tanga: "Kaka, nimepata kayaki, ninunue rodi gani?" Nami huwauliza: jaketi unalo? Kafi umelifunga? Leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame? Wengine huudhika, wakadhani nakwepa. Sikwepi. Huu ni mwaka wa nane navua kwa kayaki mbele ya ufuo wa Bofa, Kilifi, na samaki wapo, utawapata hata kwa mshipi wa mkono. Kazi ni kurudi pwani.

Mwaka wangu wa kwanza pesa zangu karibu zote ziliishia kwenye rodi mbili, fimbo za kuvulia, na rili zake za kuzungushia uzi. Jaketi nilikuwa nalo, lakini nalifunga nyuma ya kiti kwa sababu lilinitia joto. Siku hiyo ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Nilitoka alfajiri maji yamejaa pomoni, nikapita juu ya mwamba bila hata kuuona. Nguru walikuwa wanakula, nikasahau saa. Nilipogeuza, mwamba ulikuwa nje wote, mweusi, na mawimbi yanapasuka juu yake mstari mzima. Njia iliyobaki ilikuwa mlango wa kriki, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na pale maji ya kupwa yalikuwa yanatoka kwa kasi huku upepo wa bahari unaingia. Maji na upepo vikipambana hivyo, mawimbi husimama wima, mafupi, yamefuatana, hujapata nafasi ya kuvuta pumzi. La tatu lilinikuta ubavu.

Nilipoibuka kayaki ilikuwa kifudifudi. Rodi zote mbili zimekwenda. Jaketi lilikuwa chini ya maji, limefungwa fundo ambalo vidole vyangu havikuweza kulifungua. Kilichobaki mkononi ni kafi, kwa sababu tu nilikuwa nimelifunga kwa kipande cha kamba nilichookota nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa anaingia na mtumbwi wake alinishikia kayaki upande wa pili mpaka nikapanda. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Sikujua. Kesho yake nilikwenda kumwamkia bandarini, nikamwomba anifundishe kuhesabu, na yote ninayoyaandika hapa yanaanzia kwenye swali lake.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Kwetu pwani ya Kenya, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maana yake, ukitoka alfajiri maji yanakusukuma nje, na saa unayochoka ndiyo saa mwamba unafunga njia. Mwezi saba, nane, kisha ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu. Hapo tofauti ni kama mita 1 tu, mkondo ni mpole, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Unatoka yakianza kuingia, unavua, na wakati wa kurudi yanakubeba juu ya mwamba mpaka mchangani. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unajua ya kesho. Jedwali la maji lipo kwenye simu, litumie, lakini jifunze kuangalia mwezi pia. Simu huzimika, mwezi hauishiwi chaji.

Jambo jingine ambalo mzee alinikalisha nalo: maji hayaendi kasi moja. Katika saa sita za kupwa, ya kwanza hayana haraka, ya tatu na ya nne ndiyo yanayokimbia, ya mwisho yanatulia. Kama lazima upite mlangoni, pita maji yakiwa yamesimama, juu au chini. Usipite katikati.

Upepo nao una ratiba yake. Alfajiri kuna umande, upepo unaotoka nchi kavu, bahari inakuwa kama mafuta kwenye sahani. Jua likipanda, upepo wa bahari huamka, na kufikia saa tano unausikia usoni. Kusi likishika, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, mimi siendi nje ya mwamba kabisa. Navua ndani, kwenye kriki. Miezi yangu ya kutoka ni kuanzia wa kumi mpaka wa tatu. Angalizo: umande mkali hukuvutia nje bila wewe kujua, kwa sababu maji ni laini na kupiga kafi ni rahisi. Kila nusu saa geuza, piga makafi ishirini kuelekea pwani. Kama husogei, safari imekwisha, rudi.

Sasa vifaa. Kayaki nzuri kwa kazi hii ni ile ya kukalia juu, yenye matundu ya kutolea maji, urefu wa mita 3.6 hadi 4.2. Ile ya kuingiza miguu ndani ikipinduka hujaa maji, na peke yako huwezi kuikausha mbele ya mawimbi. Fupi kuliko hapo huyumba kila upande na hukuchosha, ndefu zaidi utaibebaje peke yako mpaka ufukweni? Chukua ya rangi ya kuonekana, njano au rangi ya chungwa. Manahodha wa mashua na boti za watalii wakikutazama kutoka juu huona kichwa tu kati ya mawimbi.

Jaketi livaliwe. Sitaongeza neno, nimeshasimulia. Lining'inize filimbi na kisu kidogo kisicho na ncha, cha kukatia kamba ikikuzonga. Kafi lifungwe kwa kamba. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, nao ufungwe mwilini mwako, kwa sababu kayaki inaweza kukuacha. Maji ya kunywa lita 2, kofia, shati la mikono mirefu. Na mtu pwani ajue umetoka upande gani na utarudi saa ngapi. Mimi huwaambia wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, pale bandarini. Wao ndio wenye boti, na ndio watakaokuja kukutafuta.

Kabla ya kuvua hata mara moja, nenda sehemu ya maji ya kifua, siku ya utulivu, na mwenzako akiwa karibu, upinduke kwa makusudi. Pitisha mkono chini ya kayaki, ushike ukingo wa mbali, uivute kwako mpaka iinuke. Kisha usijaribu kupanda kama unavyopanda ukuta, utaipindua tena. Laza mikono juu yake, piga miguu nyuma kama unaogelea mpaka mwili ulale juu ya maji, jisukume hadi tumbo liwe katikati ya kiti. Tulia hapo, pumua. Halafu geuka ukae, miguu ije mwisho. Fanya mara kumi. Fanya pia ukiwa umechoka, kwa sababu siku yenyewe utakuwa umechoka.

Kutoka ufukweni, hesabu mawimbi kwanza. Huja kwa makundi, makubwa kadhaa kisha nafasi. Subiri nafasi, piga kafi moja kwa moja, usisimame kwa sababu yoyote mpaka uyapite. Wimbi likikukuta ubavu, lilalie, egemea upande wake. Ukiegemea upande wa pwani limekumaliza. Ukirudi, panda mgongo wa wimbi lililokwisha kupasuka, na ukifika maji ya magoti shuka upande wa bahari wala usisimame kati ya kayaki na pwani. Kayaki iliyojaa maji ikisukumwa na wimbi huvunja mguu.

Ndipo tuje kwenye kuvua, na hapa nitakushauri uanze na mshipi wa mkono. Nailoni nene kidogo iliyozungushwa kwenye kibao, chubwi la kuzamishia mshipi, ndoana mbili, chambo cha ngisi. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukivishe kidole cha shahada ili nailoni isikukate. Usizungushe mshipi mkononi hata kidogo. Samaki mkubwa akivuta, mkono huenda naye, na wewe huendi popote ila majini. Acha kayaki ielee yenyewe kando ya ukingo wa mwamba, chubwi liguse chini, uliinue shibiri moja. Changu hugonga mara mbili, taratibu, kisha huvuta. Chewa hugonga mara moja na kukimbilia pangoni, kwa hiyo mvute ghafla mita mbili za kwanza. Mshipi ukilala sana badala ya kwenda chini, ongeza uzito. Kidole kitakufundisha kuliko rodi yoyote.

Nanga hutumiwa kwa tahadhari. Usifunge nanga ubavuni, mkondo ukikaza kayaki inalala na kupinduka. Ifunge mbele au nyuma, na uwe tayari kuikata. Tupa kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Mafundi wa hapa hufunga kamba chini kabisa ya nanga, kisha huishikiza juu kwa uzi mwembamba. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume.

Ukishazoea, ndipo ununue rodi moja fupi yenye nguvu, rili yenye breki laini, na uzi wa kusuka wa ratili 30. Moja inatosha, nayo ifungwe kwa kamba. Kwa nguru weka mwishoni sentimita 30 za waya mwembamba, maana meno yake ni wembe.

Nguru ninavyomvua mimi ni kwa kibua hai. Kwanza nashusha mtungo wa ndoana ndogo zenye manyoya, napata vibua watatu wanne. Mmoja namtia ndoana puani, na ndoana ya pili, ndogo yenye matawi matatu, naishikiza karibu na mkia. Hiyo ya pili ndiyo muhimu. Nguru hukata nyuma kwanza. Kabla sijaijua nilikuwa narudisha vichwa vya vibua, vimekatwa safi kana kwamba fundi amepitisha msumeno. Kisha napiga kafi polepole, mwendo wa mtu anayetembea jioni, kibua akiwa mita 30 nyuma. Tazama ncha ya rodi. Kibua akiogelea vizuri inatikisika kwa utaratibu. Akimwona nguru, inaanza kutetemeka harakaharaka, kama mtu mwenye homa. Acha kupiga kafi, shika rodi. Sekunde mbili, tatu, halafu rili inalia.

Hapo usikaze breki. Mwache akimbie, kayaki itageuka yenyewe na kumfuata, nayo hiyo ndiyo breki yako. Weka rodi mbele, kuelekea pua ya chombo, usiipitishe ubavuni. Akichoka ataanza kuzunguka chini yako. Mvute kidogo kidogo mpaka alale ubavu juu ya maji. Mchome kulabu shingoni, mpige rungu kichwani akiwa bado nje, ndipo umwingize. Nguru hai mapajani mwako, mwenye meno yale na ndoana mbili mdomoni, ni hatari kuliko wimbi.

Samaki usimburute majini kwa kamba, damu inawaita papa. Na kabla ya yote jua unapovua. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, ndani yake huruhusiwi kutupa ndoana, na kuvua kwa starehe Kenya kunahitaji leseni. Kasa akinasa, kata mshipi karibu na ndoana, mwache aende. Bunju mrudishe, sumu yake haimalizwi na moto. Tasi mshike kwa koleo, miiba yake inauma mpaka jioni.

Mwisho ni barafu. Wengi hawaijali, na inaniumiza kuona hivyo. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mlaji anawashwa mwili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, halafu watu husema ni mzio. Mkate matamvua mara tu anapokufa, damu itoke, mtie kwenye mfuko wa barafu na maji kidogo ya bahari. Ukifika pwani, samaki kwanza, picha baadaye. Kisha mwagia rili maji baridi ya bomba, bila kuielekezea presha, na uifungue breki kabla ya kuitundika.