Mwanangu anaitwa "muuza watumwa" darasani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Magomeni. Mwanangu wa kiume yuko darasa la sita, baba yake ana asili ya Oman ila kazaliwa hapa hapa Dar na Kiarabu chenyewe hajui zaidi ya salamu na sura za kuswalia. Sasa wiki mbili zilizopita walisoma biashara ya utumwa, tangu siku hiyo wenzake wanamwita muuza watumwa, saa ya mapumziko wanamfuata wameunganisha mikono kama wamefungwa kamba wanamwambia "bwana tuachie". Mwanzo nilicheka, nikajua utani wa watoto. Jumamosi akaniomba anyolewe kipara, nikamuuliza kwani vipi, akasema nywele zake ndo zinamponza. Nikaandika kwenye grupu la wazazi, wengine wakasema somo lifutwe watoto bado wadogo, wengine wakasema kwani uongo, si ndo walivyofanya? Nikatoka kwenye grupu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo ya kipara imenikaa rohoni tangu asubuhi.

Wanaotaka somo lifutwe siwaungi mkono, mtoto wa darasa la sita atayasikia tu haya mambo kijiweni na huko atayasikia vibaya zaidi. Tatizo ni kwamba wamefundishwa nusu. Na mimi hapa siwezi kumnyooshea kidole ticha wake maana nimefundisha historia miaka mingi na nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nachora ramani ubaoni kwa chaki, mshale unatoka Bagamoyo unaingia bara hadi Tabora na Ujiji, mwingine unatoka Kilwa unaelekea Ziwa Nyasa, juu yake naandika WAARABU kwa herufi kubwa, haya nakilini. Siku moja binti wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, hao Waarabu walikuwa wangapi mpaka wakakamata watu wote hao?" Nikaangalia saa, nikasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebaki kama dakika kumi hivi.

Yule binti alistahili jibu na jibu lenyewe ni kwamba peke yao wasingeweza. Kule bara walikuwepo machifu waliouza mateka wa vita, Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa tu na wao ndo waliokuwa wakiteremsha watu mpaka Kilwa, na hapa pwani Waswahili walikuwa wanaongoza misafara na wenyewe wana watumwa majumbani na mashambani. Wafaransa walinunua watu Kilwa wakawapeleka visiwani kwao kulima, matajiri wa Kihindi walikopesha mtaji wa misafara, mashamba ya karafuu ya Unguja yakala watu wengine. Ni kweli waliofaidika zaidi walikuwa Waarabu wa Oman waliotawala Unguja na hilo lisipunguzwe hata kidogo kwa sababu mwanao analia, ila wakiandikwa peke yao ubaoni mtoto mwenye nywele za singa ndo anaibeba kesi nzima.

Halafu hiyo "Mwarabu" yenyewe uichunguze. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye kila mwanafunzi anamjua, mmoja wa mabibi zake wa zamani upande wa baba alikuwa mwanamke wa Mbwamaji, yaani hapa hapa ng'ambo, Kigamboni! Na Sultani Majid aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, mama yake alikuwa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Kwa sheria ya Kiislamu suria akizaa na bwana wake mtoto ni huru na anahesabiwa wa baba, ndo maana koo nyingi za pwani ukizifunua unakuta mmiliki na mtumwa wote ni babu na bibi wa mtu mmoja. Sasa huyo mwanao wanayemwita muuza watumwa anaweza kabisa kuwa kitukuu wa aliyeuzwa. Na hao wanaomtania pia, upande wowote ule, hakuna anayejua.

La kufanya, grupu achana nalo, nenda kamuone ticha mwenyewe baada ya vipindi, usiende na hasira wala usiende na mwenyekiti wa kamati. Mwambie kinachotokea mapumziko (ya kipara mwambie pia), halafu umuombe arudi kwenye mada kipindi kimoja tu ajibu swali la nani alimfunga nani. Amalizie na tarehe maana nazo zinawashangaza watoto: soko la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja ukabaki halali mpaka 1897 na huku kwetu Tanganyika mpaka 1922, Wajerumani wameshakuja na wameshaondoka. Nyumbani mtafutie bibi yake upande wa baba, kama yupo hai, akae naye amsimulie ukoo. Kuna wazee watagoma, watasema mambo hayo hayasemwi. Usimlazimishe, mletee kahawa urudi wiki ijayo.

Kipara mnyoe kama ni joto la Desemba. Kwa sababu hiyo nyingine usimnyoe.

SWALI: Mwalimu, ile Sanamu ya Askari pale Posta si ni ya watu waliompigania Mwingereza? Kwa nini isiondolewe tukaweka shujaa wetu? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Pale pale zamani ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaiteka Dar 1916 wakamng'oa, na huyu Askari akazinduliwa 1927. Kwa hiyo kung'oa kumeshajaribiwa na kizazi kilichofuata hakikujua hata kama kuna kitu kiling'olewa. Mimi ningeiacha, ningepeleka darasa pale asubuhi kabla jua halijawa kali wasome maandishi ya Kiswahili, wataona wametajwa na wapagazi. Juu kasimama mwenye bunduki, aliyebeba mizigo yumo kwenye maandishi tu, na hao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Ukitoka hapo panda gari la Kariakoo, jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha hao hao wapagazi. Kumbukumbu yao ndo ile, tunaipigia kelele za bei kila siku.

SWALI: Wakati wa anwani za makazi 2022 barabara yetu ilipewa jina la mwenye ghorofa la kwanza, wazee wanasema palikuwa na jina la zamani. Vijana wanasema tunapoteza muda. (Mbagala)

JIBU: Vijana wenu wana haki kama maji hayatoki, anzeni na maji. Lakini hilo jina la zamani liandikeni wiki hii, pamoja na nani kalisema na linamaanisha nini, kwenye daftari la mtaa, kisha mlipeleke mkutano wa mtaa hata kama litapigiwa kura likashindwa. Mwenye ghorofa muulizeni na yeye, huenda hata hakuliomba.