Nyanya Hajui Kuandika, Ofisi Inamdai Barua

SWALI: Nyanya yangu ni mjane wa huku Kaloleni. Hajui kusoma wala kuandika, na lugha anayoielewa sawasawa ni Kigiriama. Barabara inapanuliwa na itakula sehemu ya shamba lake. Orodha ya watakaolipwa fidia imebandikwa ukutani kwa Kiingereza. Alipoenda kuuliza kama jina lake limo, karani akamwambia alete barua. Je, ni lazima? Naweza kumwandikia mimi?
Mjukuu, Kilifi

JIBU: Mwanangu, karani huyo amemkosea nyanya yako. Nimefanya kazi ya masijala katika ofisi za serikali hapa Pwani mpaka nikastaafu, na nimewaona wazee wengi wakirudishwa hivyo, wengine wametoka mbali na nauli ya kukopa. Bado linaniuma.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hakikusema raia anayejua kuandika. Kisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini kwa mtu asiyeweza kuandika, kwa kutosoma au kwa ulemavu, afisa wa habari ndiye wa kumsaidia, kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Basi ile barua anayodaiwa nyanya, wenye kuiandika ni wao.

Mwende pamoja, abebe kitambulisho. Aseme shida yake kwa Kigiriama, nawe umfasirie: anataka kujua kama jina lake limo, ni kipande gani cha shamba kinachochukuliwa, na kikao cha kusikiliza madai ni lini. Hilo la kikao msilisahau. Tume ya Kitaifa ya Ardhi husikiliza wenye ardhi kabla ya kuamua fidia, na dai la maandishi linatakiwa liwe limefika kabla siku ya kikao haijapita. Mtu asiyeambiwa tarehe hupitwa hivi hivi.

Wakimuuliza habari hizo anazitakia nini, halazimiki kueleza. Ombi lenyewe halilipiwi. Atalipia gharama ya kutoa nakala tu. Msiondoke bila nakala ya ombi yenye mhuri na tarehe, kwa sababu hapo ndipo mtakapoanzia kuhesabu siku 21 ambazo ofisi imepewa kujibu. Wanaweza kuongeza 14 ikiwa kazi ya kutafuta ni kubwa. Wakinyamaza mpaka muda ukaisha, kisheria ni sawa na kumkatalia, na mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa tume inayosimamia sheria hiyo, ile inayojulikana kama Ombudsman.

Kumwandikia unaweza, hakuna anayekukataza. Ila nakuomba uangalie jambo moja. Penye pesa za ardhi, kila ndugu huwa mkalimani. Nimeshuhudia mama akifasiriwa na shemeji yake nusu ya maneno, na nusu iliyofichwa ndiyo iliyokuwa na kiasi cha fidia. Kama wewe una fungu katika shamba hilo, mtafutieni msomaji mwingine asiye na fungu, mwalimu wa shule ya karibu kwa mfano, amsomee kila karatasi kwa Kigiriama kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Na asitie dole gumba kabla hajasomewa, hata akiambiwa gari linasubiri.

Sheria yenyewe naiona imepunguka. Imetaja Kiswahili na Kiingereza ikaishia hapo, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, lugha ya ishara ya Kenya na Breli. Karatasi ya Kiingereza ukutani Kaloleni haijamwambia mtu kitu. Si nyanya yako peke yake asiyeisoma. Majirani zake wa kando ya barabara ni wale wale. Mwendeeni chifu mkiwa wengi, mumtake aitishe baraza, orodha isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kwa Kigiriama, na wanaohusika na fidia wawepo kujibu maswali. Fanyeni hivyo mapema, kabla ya tarehe ya kikao kufika.