Jibu: "I used to" na "I'm used to" sio kitu kimoja

Mkuu umeuliza "I used to wake up early" na "I'm used to waking up early" zina tofauti gani maana unaona zote ni kuzoea. Hapana aisee, ya kwanza haina kuzoea hata kidogo, ni zamani nilikuwa naamka mapema ila siku hizi siamki, imeisha hiyo. Ya pili ndo nimezoea, yaani saa kumi na moja niko macho na wala sioni shida. We angalia tu kabla ya used kama kuna am, is, are au was, ikiwepo mara nyingi ni mazoea, na hapo kitenzi kinachofuata kinabeba -ing.

Mimi ilinichoma kwenye intavyuu, nimeulizwa kama naiweza kazi ya presha nikajibu kwa kujiamini kabisa "I used to work under pressure", jamaa akanitazama akauliza "na sasa hivi je?" nikajua ananitania kumbe nimejimaliza mwenyewe 😂

Halafu "get used to" ni ile hali ya kuanza kuzoea, kama mtu wa Njombe akihamia Dar na joto lile. Na ukikanusha ile "used to" ya zamani andika "didn't use to", ile d inatoka, japo kwa mdomo husikii tofauti.