Yaya, diplome bado: makaratasi ya universite nianze lini?

SWALI
Yaya, jambo. Miye niko wa tatu humanite, siyansi, huku Katuba. Binamu yangu mwenye kukaa Marekani tuko kiwango kimoja cha masomo, lakini yeye tayari ana liste ya universite, ameomba balimu wake baandike barua, anajifunza testi. Hapa kwetu kila mtu ananiambia tulia, pita Exetat kwanza (mtihani wa serikali wenye kutoa diplome), universite itakuja nyuma. Mama naye ni hivyo hivyo, "diplome kwanza". Nataka kujaribu burse ya inje, lakini UNILU, universite yetu ya Lubumbashi, pia sitaki kuikosa. Nianze lini, na nianze na nini?
Dada wa Katuba, Lubumbashi

JIBU
Mdogo wangu, Mama na binamu wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kalenda yake.

Ku UNILU ni kweli mambo inakuja nyuma ya Exetat. Unapata 50% yako ao zaidi, unakusanya buletini za miaka ya mwisho, atestasio ya kuzaliwa, karatasi ya munganga, picha, unapanda Kasapa, kwenye kampusi ya UNILU. Ila usilale, juu fakilte zenye kukimbiliwa na kila mtu, 50% kavu haikufikishi mbali.

Marekani kalenda imepinduka. Kuko fomu moja ya intaneti inaitwa Common App, na fomu hiyo moja inaweza kwenda mpaka universite 20. Inafunguka tarehe 1 Agosti, universite nyingi zinafunga mwanzo wa Novemba kwa wale wa haraka, wengine mwanzo wa Januari. Sasa hesabu: Exetat yako utaifanya mwaka wa nne ukiisha (sisi wa zamani tungesema wa sita), kwa hiyo siku wao wanafungua faili yako wewe bado hujakaa hata dissertation, ile sehemu ya kwanza ya Exetat. Wanasoma nini? Wanasoma buletini. High school yao ni miaka minne, kama humanite yetu, na wanaitaka yote minne, hata ule mwaka wa kwanza wenye ulikuwa unacheza. Ukingoja diplome mkononi njo uanze, umeshapoteza mwaka mzima nyumbani.

Kwa hiyo wewe unaanza leo, na unaanza na makaratasi, si na testi.

Hii ilinipata mimi mwenyewe. Buletini yangu moja, sekretere alikosea point ya kemia, akakata na biki akaandika ingine juu yake, bila stempu, bila kusinya. Miaka ilipita nikiiweka vizuri ndani ya plastike, na siku ya kuipeleka mahali ikarudishwa, "ina ratire". Kurudi shuleni, yule sekretere alikuwa amehama, prefe (mkubwa wa shule) mupya hanijui, nilienda mara nne paka kwa lile karatasi. Wewe toa buletini zako zote usiku huu uziweke mezani. Yenye ratire, yenye kupasuka, yenye kukosa stempu, peleka shule mbele ya vakansi kubwa, wakati balimu wako bado wapo.

Jina nalo. Sisi tuna nom, postnom na prénom, wao wanauliza mbili tu, jina la kwanza na jina la familia, na watoto wetu wanajaza leo hivi kesho vile. Kama atestasio ya kuzaliwa imeandikwa Ilunga na buletini Illunga, sahihisha sasa. Kisha jaza kila mahali vile paspoti itasema.

Jambo lingine lenye watu hawakuambii: asilimia zetu. Mwenye 68% huku kwetu wanamupongeza, mama anapika kuku. Mumarekani akiona 68 anafikiri huyu mtoto ameponea chupuchupu, juu kwao watoto wazuri wako ndani ya 90. Omba shule iandike ndani ya barua yake nafasi yako darasani, mfano wa 2 kati ya 48, na namna shule inavyotoa point. Kazi hiyo kule inafanywa na mshauri wa shule, hapa prefe ao konseye wa oriyantasio anaweza kuifanya. Barua ya mwalimu, usichague mwenye cheo, chagua yule wa hesabu mwenye alikuona unakosa zoezi ubaoni na kesho yake ukarudi nalo. Na muulize mapema kama ana imeli yenye anafungua kweli, juu barua anaituma mwenyewe kwenye mtandao, hapitishi mikononi mwako. Ikiandikwa kifaransa itahitaji kutafsiriwa, na hiyo inakula siku.

Testi: universite ya MIT ilirudisha SAT, ile testi ya kuingia universite, mwaka 2022, Harvard mwaka 2024, zingine bado zinakuachia uchague, soma ya kila moja. Kiingereza unaweza kufanya Duolingo English Test nyumbani kwa komputa yenye kamera, lakini kwa delestaje ya kwetu mimi singeifanya nyumbani hata kidogo, tafuta mahali penye jenereta na koneksio isiyokatika.

Makuta, hapo njo watu wanaliwa. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo kwa serikali ya Marekani, ni ya Wamarekani na wakaaji wa kule, mtu akikuuzia fomu yake kwa dola 30 anakula tu zako. Lakini Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haziangalii mfuko wa mzazi wakati wa kuchagua, hata kwa mgeni, na ukichaguliwa zinafunika pengo lote lenye familia yako haiwezi kulipa. Kuingia ni kugumu sana, sikudanganyi, ndiyo maana usiweke hizo peke yake kwenye liste. Na feza ya kutuma fomu, universite nyingi zinakusamehe ukiomba, omba bila haya.

Mama mwambie hivi: Exetat inabaki palepale na UNILU inabaki palepale, hakuna kitu unaacha. Unachomuomba yeye ni kukusindikiza komini kwa ile atestasio ya kuzaliwa, na hapo muende asubuhi, saa tano foleni inakuwa imefika barabarani.