Nimewekwa chini ya marudi: je, Mungu bado ananipenda?

Swali: Shikamoo Mchungaji. Naishi Ujiji. Kanisa limeniweka chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa ya kumrekebisha mtu, sishiriki Meza ya Bwana. Mama mmoja wa kikundi chetu alinisomea Yohana 15:10, "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu," akasema mimi sikuzishika, basi pendo limeniondokea. Lakini tangu utotoni nafundishwa kwamba Mungu hupenda bila masharti. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maneno "bila masharti" hayamo katika Biblia, kwa hiyo sitayatetea kana kwamba ni aya. Turudi kwenye Yohana 15, ila tuanzie mstari wa 9. Yesu anasema kwanza "nilivyowapenda ninyi", ndipo anasema "kaeni". Kupenda kumetangulia amri.

Tena huyo mama aliishia katikati ya mstari. Unaendelea hivi: "kama vile mimi nilivyozishika amri za Baba yangu na kukaa katika pendo lake." Ingekuwa utii ndio bei ya pendo, basi Mwana naye alilinunua pendo la Baba yake. Hakuna Mkristo anayesema hivyo. Katika 17:24 Yesu anasema Baba alimpenda kabla ulimwengu haujawekwa misingi. Sharti lipo, sikatai, ila lipo kwenye kukaa. Kwenye kupendwa halipo.

Pale Kibirizi umeona dagaa wakianikwa. Gunia likisahauliwa ndani, dagaa huoza, na jua liko pale pale nje. Mathayo 5:45 inasema Baba huwaangazia jua lake waovu na wema. Dagaa hatoki mwenyewe ndani ya gunia, mfano wangu unaishia hapo. Wewe unaweza kutoka.

Paulo ndiye anayelisema wazi kuliko wote: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8). Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, aliandika kwamba pendo la Mungu halikuti kitu cha kupendeza, bali hukiumba.

Nisikufiche mistari migumu. Zaburi 5:5 inasema Mungu huwachukia watendao ubatili. Augustino, askofu wa Hippo huku Afrika Kaskazini, alijibu kwamba Mungu huchukia tulichokifanya na kupenda alichokiumba. Kuhusu Warumi 9:13, Mungu anaposema amempenda Yakobo bali Esau amemchukia, Wakristo hawajapatana: wafuasi wa Calvin husema pendo liokoalo ni la wateule, wafuasi wa Wesley husema linatolewa kwa watu wote. Mimi nasimama na hao wa pili, ila pande zote mbili zinakubali kwamba hakuna aliyelipata kwa mastahili yake.

Sasa hilo neno marudi, ambalo naona ndilo linalokuumiza. Waebrania 12:6 inasema, "yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Ni neno lile lile. Mzazi hamrudi mtoto wa jirani. Aliyekuambia kwamba marudi ni dalili ya kuachwa amelipindua andiko. Na kanisa linalomweka mtu chini ya marudi kisha likaacha kumtembelea nyumbani nalo limekosea, nasema hivyo nikiwa mchungaji.

Jumapili nenda ibadani. Waulize wazee wa kanisa marudi yako yanaisha lini na wanataka ufanye nini. Ni haki yako kujua. Na huyo mama mwombe msome pamoja mstari wa 10 mpaka mwisho.