Usikaze nati ya usukani kabla hujajua kinachogonga

Pikipiki za bodaboda zinazoshuka kila siku kutoka Kibosho, Machame na Marangu kuja Moshi mjini hufikishwa gereji na lalamiko lile lile: ukishika breki, mbele panagonga. Fundi anayeanza kazi huchukua tindo na nyundo, akaigonga nati ya usukani mpaka mlio unyamaze, na mteja akaondoka ameridhika. Baada ya muda mfupi mteja huyo hurudi akisema kwamba pikipiki inayumba polepole kushoto na kulia na haikubali kunyooka, hasa katika mwendo mdogo. Ninawaandikia ninyi mlioingia gereji hivi karibuni, pamoja na mnaotoka vyuo vya ufundi vya VETA, kwa sababu kazi hii huharibika kabla hata spana haijashikwa.

Kwanza elewa kinachotokea ndani. Katika pikipiki nyingi ndogo, mhimili wa usukani hupita ndani ya shingo ya fremu na kuzunguka juu ya gololi zilizopangwa kwenye bakuli mbili, moja juu na nyingine chini. Kwa kuwa usukani huwa umenyooka muda mwingi wa safari, gololi hukaa mahali pamoja, na kila tuta, kila shimo na kila breki ya mteremkoni, nyuma kukiwa na abiria na mkungu wa ndizi, huzigandamiza pale pale hadi bakuli zitoboke vishimo vidogo. Grisi ikikauka au ikioshwa na maji ya presha pale pikipiki zinapooshwa, uharibifu huo huja mapema zaidi. Bakuli yenye vishimo haiponi kwa kukazwa, kwa sababu ukikaza unazidi kuziingiza gololi katika vishimo hivyo.

Kwa hiyo pima kabla ya kufungua. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka gogo imara chini ya injini ili tairi la mbele lining'inie, kisha shika miguu ya shokapu kwa chini na uivute mbele na nyuma, huku mwenzako ameweka kidole kwenye maungio ya shingo na kishikio cha chini cha shokapu. Kidole kikihisi mchezo, yaani vyuma kucheza kwa kulegea, tatizo liko kwenye gololi. Kama hapo pametulia lakini bomba la shokapu linacheza ndani ya mguu wake, shokapu ndiyo imelika, na katika pikipiki nyingi ndogo ambazo hazina bushi ya kubadilisha, dawa yake ni kubadilisha kilicholika. Tikisa pia tairi kwa ubavu, kwa sababu beringi za rimu zilizokufa hutoa mlio unaofanana sana na huo. Mwisho geuza usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine: ukinasa katikati, bakuli zimekwisha, na hakuna haja ya kubishana na mteja.

Ukifungua, tandika kitambaa chini na uhesabu gololi za juu na za chini kila moja peke yake, maana idadi hutofautiana kwa aina ya pikipiki na mara nyingine hata ukubwa wake si mmoja. Badilisha seti nzima. Bakuli za zamani hutolewa kwa chuma kirefu kinachopitishwa upande wa pili wa shingo, ukigonga huku na huku ili zitoke zikiwa sawa. Kuingiza mpya, tumia bakuli ya zamani iliyogeuzwa juu chini kama kigongeo, ili nyundo isiguse njia ya gololi. Bakuli ikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mzito. Jaza grisi nzuri isiyooshwa na maji kwa urahisi, wala usiibanie.

Katika kukaza ndipo ninapowaomba muwe na subira. Legeza bolti zinazobana shokapu kwenye kishikio cha juu, kaza nati ya chini ya usukani, ile inayobana gololi, mpaka bakuli zikae, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, legeza, kisha kaza kidogo kidogo mpaka mchezo uishe kabisa. Tairi likiwa hewani, usukani ukisukumwa kidogo kutoka katikati unapaswa kuanguka wenyewe hadi mwisho, pande zote mbili, bila waya za klachi na mafuta kuuzuia. Ukishafunga nati ya juu, pima tena, kwa kuwa nati hiyo huikandamiza ile ya chini na kuyabadilisha marekebisho yako.

Kwa kuwa shokapu hutolewa ili kuifungua shingo, zihudumie kabla ya kuzirudisha. Fungua kifuniko cha juu kwa tahadhari kwa sababu springi inakisukuma, mwaga mafuta yote, osha kwa mafuta ya taa na ukaushe. Kagua bomba kwa ukucha: kutu ndogo husafishwa kwa msasa laini wenye maji, lakini mkwaruzo mkubwa utaikata sili mpya mapema. Mafuta yawe ya shokapu, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji, yapimwe kwa bomba la sindano ili miguu yote miwili ilingane. Oili chakavu ya injini, ambayo wengine huimimina humo, haifai. Pampu kila mguu kutoa hewa, na usikaze ekseli mpaka umebonyeza mbele mara kadhaa ili miguu ijipange.

Jaribu mwenyewe kwenye tuta na kwenye mteremko. Mwambie mteja arudi baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu bakuli mpya hukaa zaidi zikianza kubeba mzigo na mchezo kidogo hurejea; ukaguzi huo usimtoze.